Barua Isiyo na Salamu

Ruanda, Mbinga
3 Novemba 1996

Mwanangu mpendwa Gaudiosa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kama ukungu wa huku kwetu asubuhi. Sisi wazima. Magoti yangu ndiyo yanayolalamika nikipanda kwenda kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo, lakini Mmatengo gani hana magoti ya kulalamika? Umezaliwa mlimani, shamba lako liko mlimani, na kaburi lako litachimbwa mlimani. Baba yako Mkubwa Urbani anakusalimu. Jirani yetu Gertruda naye anakusalimu, ingawa salamu ilimtoka kwa shida, maana nilikuwa nimemaliza kumweleza kwamba mwanangu ni nesi, anavaa saa kifuani na wazungu wanamwita Sista. Yeye wa kwake ni karani Songea. Nikamwambia, dada yangu, Songea hata kuku wanafika, wanapakiwa tu kwenye lori.

Barua yako nimeisoma kwenye sengu. Usinune. Unajua ukoo ukikutana kula kwa Baba Mkubwa, mwenye habari anaitoa, na habari za Uingereza ninazo mimi peke yangu kata nzima. Wewe uliandika kifupi mno, kana kwamba wino unauzwa kwa tone: kwamba wakubwa wanataka kuifunga hospitali yenu ndogo ya Askerdale, na kwamba mbunge amesema haitafungwa, lakini watu hawamwamini.

Baba Mkubwa akacheka hadi tonge likamkwama. "Hata huko?" akasema.

Nikamjibu hapo hapo. Shemeji, huko siyo hapa. Hapa vyama vingi vimeingia jana. Mwaka jana si tuliwaona wagombea? Gari moja likatupa kofia, lingine likatupa khanga, barabara yetu ikaahidiwa mara mbili, na tangu walipoondoka hata vumbi lao hatujaliona. Ushirika umekufa, kahawa tunampa yeyote anayekuja na mzani wake, tunamshukuru kwa kufika. Haya ni ya kwetu sisi, wanafunzi wa vyama. Lakini Mwingereza ndiye aliyevizua hivyo vyama. Mtu hawezi kuunguza chakula alichokizua mwenyewe.

Wakarudia matonge yao wote. Unajua nikisema, nimesema.

Sasa niandikie vizuri. Huyo mbunge anaitwa nani? Ana watoto? Mama yake yu hai? Mtu mwenye mama haachi mambo hivi hivi.

Ni mimi mama yako, ninayetembea kichwa juu kwa ajili yako,
Hildegardi


Askerdale, Uingereza
1 Desemba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Paka ile dawa ya magoti niliyokutumia, usiiweke kabatini ya kuonyesha wageni.

Mama, nakuomba, barua zangu usizisome kwenye sengu. Nitakueleza yote, lakini yawe yako.

Hospitali yetu ni ndogo, haiishindi ile ya Liuli nilikoanzia kazi. Wagonjwa wangu karibu wote ni wazee. Wengi walichimba makaa ya mawe, na sasa mapafu yao yanalia kama mlango mbovu. Ikifungwa, watapelekwa mji mwingine, mbali, mahali ambapo wake zao wazee hawataweza kufika kila siku. Na mimi kibali changu cha kazi kimeandikwa jina la hospitali hii. Ikifa, hapa sina pa kukanyaga. Hilo usimwambie mtu.

Mbunge ni Bwana Whitcombe. Yeye ni wa chama cha bluu, ambacho kimetawala tangu nikiwa shule ya msingi. Alikuja wodini na mpiga picha, akamshika mkono mgonjwa wangu mmoja, Mzee Harold, akamwambia, "Hospitali hii haitafungwa nikiwa hai." Wiki ile ile akaenda bungeni akaunyosha mkono kukubali fedha za hospitali zipunguzwe. Anayekitaka kiti chake ni kijana wa chama chekundu, Bwana Lowry. Huyo anakuja getini asubuhi tunaposimama na mabango kabla ya zamu. Anavaa ua la kitambaa jekundu kifuani, anakunywa chai yetu, anaahidi yale yale.

Mzee Harold hawataki wote. Anasema, "Sista, akija wa bluu mwambie nimekufa. Akija mwekundu mwambie nimekufa jana." Nikamuuliza kwa nini na huyo mwekundu, si yuko upande wetu? Akasema, "Wa bluu walinifungia mgodi. Wekundu walikuja kulia getini, wana makoti mazuri, na kila mmoja na mpiga picha wake. Mgodi ukafungwa na machozi yakiwa bado mabichi."

Watu wa hapa hawapigi kelele kama kwetu. Mgombea akigonga, wanamsikiliza, wanamshukuru, wanafunga mlango polepole. Halafu nyuma ya mlango ndipo wanatukana. Nimekaa na majirani nyuma ya milango hiyo, Mama. Hawana imani na mtu. Wanapiga kura kama mtu anayetema mate.

Kwa hiyo Waingereza wako wameunguza chakula.

Mtoto wako,
Gaudiosa

Bwana Whitcombe ana mama. Ni mzee sana, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ya kulipia.


Liuli, kando ya Ziwa Nyasa
9 Januari 1997

Kwa Mheshimiwa Bwana Whitcombe, Mbunge wa Askerdale
(Nimeandika kwa Kiswahili kwa mkono wangu mwenyewe. Anayeigeuza kwa Kiingereza ni Mwalimu Dorothy, mtu wa kanisa, haongezi wala hapunguzi.)

Mheshimiwa, ndugu yetu,

Shikamoo. Mimi ni Hildegardi, mama mzazi wa nesi Gaudiosa. Naanza kwa kukushukuru. Ulimpokea mwanangu akiwa na sanduku moja, ukampa kazi na vazi safi. Tangu awe kwako hajalala njaa. Anayemlea mtoto wa mwenzake naye ni mzazi, kwa hiyo wewe ni mtu wa ukoo wetu, na siku ukifika Ruanda utakula kwangu. Mungu akuongezee miaka, na kiti chako akurudishie.

Sasa nimekwisha kukushukuru. Naketi chini, nakushtaki.

Ulimshika mkono mgonjwa, Mzee Harold, ukamwambia hospitali haitafungwa. Kisha ukaenda bungeni ukaunyosha mkono ule ule ili ife njaa. Mheshimiwa, mkono ni mmoja. Kwetu hatuchezi na mkono wa mgonjwa. Ukiushika umeapa, maana mgonjwa yuko karibu na Mungu kuliko wewe. Kwetu ukoo hukutana kula kwenye sengu, na aliyedanganya huketi akitazama ukuta. Tonge anapewa, lakini ukuta anautazama, mpaka atakapotengeneza alichoharibu. Ningetaka na wewe uketi hivyo huko bungeni, mwezi mmoja tu, uone ukuta unavyochosha.

Mwanangu hasemi uongo, nimemzaa mimi na najua nilichozaa. Nasikia mama yako yu hai na anatunzwa vizuri. Nenda kamsomee barua hii, yote, uone kama atakutazama usoni.

Hospitali iachwe.

Mimi mkulima wa kahawa na maharage,
Hildegardi


Ruanda, Mbinga
4 Aprili 1997

Gaudiosa mwanangu, Gaudiosa wangu,

Keti kwanza. Umeketi?

Mama yako ameandikiwa na Bunge la Uingereza!

Nilinyamaza kimya, nilitaka iwe furaha ya ghafla. Januari nilishuka ziwani kwa lori la mahindi mpaka Mbamba Bay, nikafika Liuli nimevunjika mbavu, nikamkuta Mwalimu Dorothy wako wa zamani. Nikaandika, akageuza. Wewe unalalamika, unalalamika, wala huoni kwamba mama yako ana mkono na ana darasa la nne la zamani, lile la viboko. Nilimwandikia Bwana Whitcombe mwenyewe. Nilimshukuru, nikamshtaki, kama inavyotakiwa.

Na amejibu! Wiki ya Pasaka bahasha imekuja parokiani, nene, ina mhuri wa nembo. Ndani kuna karatasi inayong'aa, sura yake juu, sura yako pembeni umevaa sare, mzuri kama bibi arusi, na chini maneno yangu. Yangu mimi! Jina langu limepigwa chapa: Hildegardi, Ruanda, Tanzania. Katekista Pankras akatusomea kwenye sengu. Alipomaliza akaipindua, akatazama nyuma, akasema, "Mama Gaudi, hapa kuna shukrani tu."

Nikamwambia, Pankras, wewe umesoma lakini hujakaa na watu. Barua huanza na shukrani. Mashtaka ameyabakiza ofisini ayafanyie kazi. Nani anabandika kosa lake hadharani?

Fundi Elias amenitengenezea fremu. Nimeitundika karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, chini kidogo, kwa heshima. Watu wanakuja mpaka kutoka Ukata kuiangalia. Gertruda alikuja, akaitazama mara mbili, akasema mbunge ana shingo nyembamba. Wivu, mwanangu, haujifichi. Baba Mkubwa pekee ndiye hakuisifu. Alikula, akanawa, akaniuliza, "Shemeji, huyu mtu mashtaka ameyasikia, au ameondoka baada ya shukrani?" Nikamwambia Mzungu haachi kazi nusu.

Hospitali yenu imepona. Niambie wamewaambia lini habari njema. Niambie pia huyo Mzee Harold amesema nini juu yangu.

Mama yako, mwandishi,
Hildegardi


Askerdale
11 Aprili 1997

Mama,

Shikamoo.

Sijui kama umekwisha kujua ulichofanya. Jumatatu niliamka nikakuta karatasi imepenyezwa chini ya mlango wangu. Zilipenyezwa chini ya kila mlango wa Askerdale, maana uchaguzi ni tarehe mosi mwezi ujao. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: ASANTE KUTOKA AFRIKA. Picha yangu ni ya siku ile wodini. Mimi nilisimama karibu na kitanda cha Mzee Harold. Wamemkata Harold, nimebaki nashika hewa.

Na maneno yako. "Tangu awe kwako hajalala njaa." "Wewe ni mtu wa ukoo wetu." "Mungu akurudishie kiti chako." Hakuna kingine. Kama uliandika kingine, hakipo.

Nilienda getini kama kawaida. Chai ilikuwa imechemka. Jean, nesi ninayepokezana naye zamu, alimimina vikombe vya wote, akafunga chupa. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kumbe ulikuwa unatusikiliza umpelekee yeye?" Nikasema sijui habari hiyo. Akasema, "Ni mama yako, siyo? Au na hilo hulijui?" Wengine walitazama viatu.

Nikaingia wodini kumpa Mzee Harold dawa. Aligeukia ukuta. Nilimwita, hakugeuka. Alikunywa dawa akiwa ametazama ukuta, akanirudishia kikombe kwa nyuma ya bega.

Unaelewa, Mama? Watu hawa wamedanganywa na wa bluu, wamedanganywa na wekundu, wamechoka hadi uchovu wenyewe umewachosha. Mtu mmoja waliyekuwa wanamwamini ni mgeni, kwa sababu mgeni hana chama na hana cha kuomba. Sasa na mimi wameniweka kwenye kapu lile lile.

Nilikuambia yawe yako. Nilikuambia.

Usimwandikie mtu yeyote wa hapa tena.

Gaudiosa


Ruanda, Mbinga
18 Mei 1997

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma peke yangu, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sikwenda kwenye sengu siku ile. Nilisema ninaumwa, na haukuwa uongo.

Nitasema neno langu, kisha unihukumu. Sikukosea. Nilimshukuru ndipo nikamshtaki. Ungetaka nifanyeje, nimwingilie mtu nyumbani na lawama bila hodi, kama ng'ombe? Wewe mwenyewe umelelewa hivyo. Mtu hashtaki kabla ya kushukuru, na mtu hapokei shukrani kisha akaziba masikio. Mimi sikujua kuna watu duniani wanaoweza kuichukua salamu ya mama, wakaikata na mkasi, mwili wakautupa. Hilo hapa Umatengo halijazuliwa. Hata wale wa kofia na khanga hawajalifikia.

Siku ya pili nilikwenda kwa Baba Mkubwa nikasema yote mbele ya ukoo. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baba Mkubwa akasema, "Amekula, akanawa, akaondoka kabla ya kuambiwa. Huyo ni mwizi wa chakula." Halafu akanisogezea mimi mnofu wake, mwanangu, mbele ya wanaume wote. Nikalia kama mtoto.

Fremu nimeishusha. Gertruda ameuliza iko wapi, nimesema imekwenda kusafishwa kioo. Ni uongo wangu wa kwanza kwa Gertruda. Wa kwanza mkubwa.

Nimeshuka tena Liuli. Mwalimu Dorothy alikuwa ameitunza nakala ya Kiingereza, yote, na ukuta umo, na mkono umo, na mama yake Whitcombe yumo. Ndiyo hii ndani. Wale manesi sitawaandikia, umenikataza. Lakini wewe mpelekee Mzee Harold, msomee kutoka juu mpaka chini bila kuruka. Mwambie: mama yangu anakusalimu, na anakuomba ugeuke.

Nani ameshinda huko?

Mama yako,
Hildegardi


Askerdale
29 Juni 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ile barua.

Amegeuka.

Nilimsomea siku ya Jumapili, alipokuwa hana mgeni. Kwenye shukrani alikuwa bado ametazama ukuta. Nilipofika "naketi chini, nakushtaki" bega lake likasogea. Kwenye ukuta wa sengu akageuka mzima mzima, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka hadi nikamwekea hewa. Akasema, "Mwezi mmoja? Mama yako ana huruma mno. Mimi ningempa miaka kumi na minane, kama aliyotupa sisi." Akamwita Jean asikie. Jean alisikia amesimama, halafu akatoka, akarudi na macho mekundu, akanimiminia chai. Kesho yake aliipiga nakala akaibandika getini, yote.

Umeuliza nani ameshinda. Whitcombe ameanguka, bluu wameanguka nchi nzima. Watu walicheza barabarani. Hata mimi nilicheza, Mama, sikufichi. Bwana Lowry ndiye mbunge wetu sasa. Wiki iliyopita alikuja getini, akasimama akaisoma barua yako neno kwa neno, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema wewe ni mwanamke jasiri na hospitali sasa iko mikononi mwa watu wanaoijali. Akaomba nakala moja. Nikampa.

Nilimkimbilia Mzee Harold na habari hizo. Akauliza, "Na hospitali, amesema ataiokoa lini?" Nikasema hakutaja siku. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo amekuja kuona hospitali, akaondoka na barua."

Nikamwambia yeye haridhiki na kitu. Akasema kweli, na ndiyo maana bado anapumua.

Fremu irudishe ukutani ukitaka, weka hii ya getini.

Mtoto wako,
Gaudiosa


Askerdale
23 Novemba 1997

Mama,

Shikamoo. Hii isome peke yako kwanza. Baadaye ukitaka ipeleke kwenye sengu, sikukatazi tena.

Hospitali imefungwa mwisho wa Oktoba. Hakuja mtu mwenye koti zuri. Walikuja watu wa magari ya mizigo, wakatoa vitanda, na mmoja akaniuliza hiki kinapelekwa wapi, akionyesha kiti cha Mzee Harold.

Wiki moja kabla, Bwana Lowry alitoa tangazo kwenye gazeti la mji, ukurasa mzima. Amesema inamuuma sana, lakini hospitali aliikuta imekwisha kuuawa na wa bluu, yeye amekabidhiwa maiti. Na ili watu waamini, ameweka maneno yako. Safari hii siyo shukrani. Ameweka mkono, ameweka ukuta. "Hata mama mmoja Afrika aliliona," ameandika. Mstari wa mwisho, ule wa "hospitali iachwe", ameuondoa.

Getini nilimuuliza mwenyewe, kabla hawajang'oa mabango. Nikamwambia, Bwana Lowry, ulikunywa chai yetu. Akasema, "Gaudiosa, kuwa upande wa pili na kuwa madarakani ni vitu viwili." Amelikumbuka jina langu. Alilitamka vizuri sana.

Mzee Harold walimpeleka ule mji wa mbali. Nilipata basi la kwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili nilimkuta ametazama ukuta, nikaogopa nimemkosea tena. Haikuwa hasira. Kitanda ndivyo kilivyowekwa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukigeuza. Nilikigeuza mimi. Nikamwonyesha gazeti. Akalisoma polepole, akasema, "Mama yako wamemgawana, Sista. Wa bluu amechukua asante, mwekundu amechukua lawama. Sisi tumeachiwa bahasha." Akafa Alhamisi iliyofuata. Mke wake alikuwa njiani, kwenye basi.

Kwenye mazishi watu hawakumtaja mbunge yeyote, wa zamani wala wa sasa. Nilidhani watatukana. Hawakutukana. Mama, matusi yamewaisha.

Kibali changu kinakwisha Januari. Nimeandika kwingine, wanajibu kwa adabu. Ninarudi nyumbani. Sina zawadi za watu, nina sanduku lile lile. Kwa Gertruda sema unavyotaka.

Mtoto wako,
Gaudiosa


Liuli
14 Desemba 1997

Bwana Lowry,

Ulisema hospitali ya Askerdale haitafungwa. Imefungwa.

Ulikunywa chai ya mwanangu asubuhi nyingi za baridi. Mwanangu anarudi kwetu. Ana nyumba, ana mama, ana ukoo, atakula. Jirani yangu Gertruda nimemwambia ukweli wote mwenyewe, na ameleta unga wa kumpokelea. Mzee Harold yeye mlimpeleka mahali ambapo mkewe hakuwahi kufika.

Mwalimu Dorothy, anayeigeuza barua hii, ameweka kalamu chini, ameniuliza: Mama Gaudi, salamu ziko wapi? Shukrani ziko wapi? Watasema hatukufundwa. Nimemwambia aandike kama nilivyosema. Miaka yangu yote sijapata kumwandikia mtu bila kumsalimu, hata mdaiwa, hata adui. Wewe ni wa kwanza.

Mwenzako nilimpa salamu, akaikata akaiuza. Wewe ulikuta lawama yangu juu yake, ukaikata ukaiuza. Kwa hiyo sikusalimu, na wala sikutukani, maana matusi yangu nayo utayapatia mnunuzi. Sikuombei kiti. Sikuombei kuanguka pia, atakuja mwingine ana mkasi.

Ukifika Ruanda hutaketi kutazama ukuta. Ukuta ni wa mtu ambaye bado ni wetu.

Mzee Harold amekufa mbali na mke wake, kwenye kitanda mlichokielekeza ukutani mpaka mwanangu alipokigeuza. Hilo tu ndilo nililoliandika hapa, juu mpaka chini. Chukua mkasi wako, Bwana Lowry. Kata popote. Utakapokata, utamkuta yeye.

Hildegardi,
mama wa Gaudiosa